Kubwa kwa Kubwa, Ongeza Viwili

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza. Kama una baiskeli ya gia karibu, iegemeze ukutani, upande wa cheni ukuelekee, maana kuna mahali nitakuomba uitazame. Kama huna, usijali, utanielewa tu. Nataka nikueleze habari za mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza baiskeli Tegeta, ubavuni mwa mashine ya kusaga nafaka, miaka ile mitumba ilipoanza kushuka kwa makontena na kila mtu akawa na kitu anachouza. Sie tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa redio, wa saa, wa viatu, lakini ukisema "nampelekea Fundi", hakuna aliyekuuliza yupi.

Alikozaliwa sikukujua na sikuuliza. Niliambiwa aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, akiangalia mitambo, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Yeye mwenyewe hakulisemea hilo. Ukimuuliza habari zake alikujibu kwa habari za baiskeli yako.

Jina lake lilisimama juu ya jambo moja. Baiskeli tulizozizoea zilikuwa zile nzito nyeusi, gia moja mbele, moja nyuma, na kila fundi kutoka Mwenge hadi Bunju aliweza kuziba pancha na kunyoosha ringi. Zilipoingia zile za mitumba zenye gia nyingi, mambo yakabadilika. Mtu akitaka kufunga seti nyingine ya gia za nyuma, lazima cheni nayo iangaliwe upya: iwe ndefu kiasi gani? Hapo wengi walibahatisha. Fundi hakubahatisha. Watu walisema hajawahi kukata cheni fupi hata moja. Akiambiwa hivyo hakukataa wala hakujivuna. Alisema tu, "Bado."

Hilo "bado" alilisema kama mtu anayeogopa. Nilichelewa kuelewa kwa nini. Cheni ikiwa ndefu mno, unapunguza, yamekwisha. Ikiwa fupi, mpanda baiskeli hajui mpaka siku atakapobadilisha gia akiwa kwenye mlima, au katikati ya barabara na lori liko nyuma yake. Fundi alijua kwamba kosa lake lingetokea mbali na benchi lake, juu ya mwili wa mtu mwingine.

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha basi bovu, chini ya bati mbili. Malori ya saruji na mawe yalipita pale mchana kutwa, na vumbi lilikaa juu ya kila kitu isipokuwa kofia yake. Hiyo ilikuwa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuiona na doa. Ovaroli lake lilikuwa jeusi kwa grisi, mikono nyeusi mpaka viwikoni, kofia nyeupe kama ametoka msikitini sasa hivi. Kichwa kikimuwasha alijikuna kwa kifundo cha mkono, taratibu, kama paka.

Alimwita kila mtu "mzee mwenzangu", hata mimi niliyekuwa na umri wa mwanawe. Alikuwa msemaji. Atakueleza habari za mpira, za bei ya sukari, za jirani aliyeng'olewa jino lisilouma. Lakini akishika cheni ili apime, ananyamaza ghafla, nawe unajikuta umenyamaza naye, na mashine ya kusaga inasikika peke yake.

Tena alikuwa na sharti. Hakukata cheni ya mtu mwenyewe akiwa hayupo, au akiwa yupo lakini anatazama barabarani. "Leta macho," alisema. Ilibidi uchuchumae kando yake, utazame alipoweka kidole, useme kwa mdomo wako, "Nimeona." Ndipo anakata. Siku moja alikuja bwana mmoja wa ofisini, shati jeupe na tai, akasimama mbali akiangalia saa.

"Wee kata tu, mzee. Mie nina haraka."

Fundi akaweka kifaa chini, akafuta mikono, akachukua gazeti la juzi, akaanza kusoma.

"Sasa vipi?"

"Hakuna neno, mzee mwenzangu. Wewe maliza haraka yako. Ukiimaliza utanikuta hapa."

Yule bwana alitutazama sie tuliokuwa tunangoja, akaona hakuna wa kumtetea. Akachomeka tai ndani ya shati, akachuchumaa. "Nimeona," alisema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Na vipande vilivyobaki baada ya kukata, Fundi hakuvitupa wala kuvichukua. Alivifunga kwenye kipande cha gazeti, akakukabidhi. "Hivi ni vyako. Viweke kabatini, usimpe mtoto achezee." Tulicheka. Nani aliweka kabatini vipande vitatu vya cheni? Lakini tuliviweka, maana alivikabidhi kwa mikono miwili.

Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa aibu. Gia moja, haina breki ya nyuma, inalia kama mlango wa zizi. Palikuwa na mama mmoja aliyeuza vipuri kibandani ng'ambo ya barabara, tukimwita Mama Spea, na huyo hakuacha siku ipite bila kumtania.

"Fundi! Leo umepita saa ngapi? Nilisikia kelele nikadhani mbuzi wangu kagongwa!"

"Ulisikia vizuri, mama. Mbuzi wako ndiye aliyekuwa ananisukuma."

"Mtu anazipaka mafuta cheni za watu, yake inakula kutu!"

"Mie sina mlima. Naishi hapo bondeni, nafanya kazi hapa bondeni. Mafuta ni ya watu wenye milima."

Mimi nilikuwa mmoja wa watu wenye milima, na hapa ndipo naingia.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Mshahara wakati ule ulikuwa na siku zake, na walimu wengi tulikuwa na mradi pembeni. Mwingine alifuga kuku, mwingine alikaanga vitumbua. Mimi nilisambaza mikate. Alfajiri nilichukua mikate Tegeta, nikaifunga kwenye keria, nikapanda nayo mlima wa Wazo hadi kwa kina mama waliouza chai njiani kuelekea kiwanda cha saruji, kisha nikateremka mbio niwahi kengele. Baiskeli yangu ya mtumba ilikuwa na gia, lakini gia kubwa ya nyuma ilikuwa ya meno ishirini na manne tu. Ule mlima na ule mzigo uliitaka kubwa zaidi. Kwa Mama Spea nikapata seti iliyotolewa kwenye baiskeli nyingine. Kubwa yake ilikuwa na meno thelathini na mawili. Nikanunua na cheni mpya.

"Mpelekee Fundi," Mama Spea akaniambia.

"Nitafunga mwenyewe. Kuna ugumu gani? Nahesabu vipande vya cheni ya zamani, nakata mpya idadi ileile."

"Haya, Mwalimu. Hesabu ni zako."

Niliihesabu cheni ya zamani mara mbili, kama ninavyowafundisha watoto. Kila pini ni kipande kimoja, chembamba na kipana vikifuatana. Mara zote mbili nilipata mia moja na kumi. Nikakata mpya mia moja na kumi. Nikazungusha pedeli uani, ikazunguka bila tatizo. Nililala nikijisifu.

Asubuhi, katikati ya mlima, nikaipandisha cheni kwenye ile gia kubwa ya nyuma niliyoinunulia mlima huohuo, bila kukumbuka kwamba mbele nako ilikuwa kwenye kubwa. Nilisikia mlio kama wa mtu anayekunja bati. Mkono wa gia, kile chuma kinachoning'inia nyuma chenye vigurudumu viwili vidogo, ulivutwa mbele mpaka mwisho wake, ukapinda, ukaingia kwenye spoku. Gurudumu likasimama papo hapo. Mimi sikusimama. Mikate iliniambia kwaheri mmoja mmoja, ikibingirika kuteremka.

Kina mama wa chai walinisaidia kuokota. Mmoja aliupangusa mkate kwa kanga yake, akaniangalia magoti yaliyochubuka.

"Mwalimu, pole. Leo ulikuwa unafundisha somo gani?"

Siku hiyo nilifika shuleni watoto wakiwa wameshajifundisha wenyewe kupiga kelele. Jioni nikaikokota baiskeli kwa Fundi. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alichuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja.

"Ulipimaje?"

"Nilihesabu ya zamani, Fundi. Mia na kumi. Mpya nikakata mia na kumi."

"Hukukosea kuhesabu?"

"Nilirudia mara mbili."

"Basi hesabu yako ilikuwa sahihi," alisema. "Ila ilikuwa ya gia nyingine."

Akanifundisha pale pale, nami nakufundisha wewe vilevile. Itazame baiskeli yako sasa. Fundi alichukua cheni nyingine mpya, haijakatwa. Akaipitisha mbele juu ya gia kubwa kuliko zote, akaipeleka nyuma juu ya gia kubwa kuliko zote. Kwenye mkono wa gia hakuipitisha. Mkono uliachwa uning'inie peke yake, hauhusiki. Akazishika ncha mbili za cheni kwa chini, akavuta mpaka ikakaza, akatafuta mahali pa karibu kabisa ambapo ncha zingeweza kuungana.

"Hapa cheni imefika, lakini haina pumzi," alisema. "Tukiiunga hapa haitaweza kupita kwenye vile vigurudumu vya mkono. Sasa tunaipa pumzi. Ongeza viwili."

"Kwa nini viwili? Kwa nini si kimoja?"

"Kimoja hakiungi, mzee mwenzangu. Kipana kinataka chembamba. Ukiongeza kimoja utakutanisha vipana kwa vipana, vitazamane tu."

Kubwa kwa kubwa, ongeza viwili. Basi. Njiani kurudi nyumbani nilipiga hesabu zangu, kwa sababu sikuweza kujizuia. Gia mpya ilizidi ya zamani kwa meno manane. Cheni haiikumbatii gia nzima, inakumbatia nusu yake ya nyuma tu. Nusu ya manane ni manne. Cheni niliyoikata kwa hesabu nzuri kabisa ilikuwa imepungukiwa vipande vinne. Kesho yake nilimweleza Fundi ugunduzi huo kwa furaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante," alisema. "Mie naizungushaga tu, inaniambia yenyewe."

Lakini kuanzia siku ile, mteja akibisha, Fundi alinyoosha kidole upande wa shule yangu. "Nenda kamuulize Mwalimu. Ana magoti ya ushahidi."

Nilisambaza mikate miaka mitatu zaidi kwa cheni aliyonikatia Fundi. Gari la mikate lilipoanza kupita Wazo, kina mama wa chai wakanishukuru na kuniacha, na muda si mrefu nikapata uhamisho kwenda shule moja ya Temeke. Tulihama na vitanda, masufuria na kile kifurushi cha gazeti chenye vipande vyangu, ambacho mke wangu alitaka kukitupa mara mbili.

Nilirudi Tegeta mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Gia zangu za nyuma zilikuwa zimechakaa. Nikapata seti nyingine yenye gia kubwa zaidi kidogo, na cheni mpya. Temeke kulikuwa na mafundi, wazuri tu. Lakini nilifunga safari na baiskeli juu ya gari la mkaa, nikaenda kwa Fundi.

Nilianzia kwa Mama Spea kumsalimu. Alifurahi, kisha akashusha sauti, jambo ambalo sikujua kama analiweza.

"Unampelekea yeye?"

"Nani mwingine?"

"Mwalimu, Fundi amekata cheni fupi. Mbili, mwezi huu huu. Mmoja kang'oka mkono wa gia pale njia panda ya Wazo. Bahati hakukuwa na gari." Akatazama ng'ambo ya barabara. "Wa pili aliwahi kushtuka. Alikuwa bado na vile vipande vyake alivyofungiwa kwenye gazeti, akarudishiwa kwenye cheni. Lakini watu wameshasema. Tangu Jumatatu hajapata hata pancha."

"Ni nini? Macho?"

"Mwenyewe anasema vumbi. Mie sijui. Namwona pale anang'arisha vifaa visivyo na kazi. Hata nikimtania hanijibu."

Nilivuka barabara. Fundi alikuwa kwenye kiti chake cha basi, kofia nyeupe ileile. Aligeuza kichwa kufuata mlio wa gurudumu langu, si mimi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanigeuzia sikio. "Mwalimu wa magoti."

"Ndiye."

"Umepita kwa mama pale. Nimesikia sauti yako. Basi wameshakuambia."

"Wameniambia."

"Na umekuja?"

"Nimekuja, na seti mpya ya gia ninayo. Nifungie."

Nilidhani atakataa. Kisha akanyoosha mikono, nikampa cheni.

Seti aliifunga bila shida yoyote, mikono yake iliijua kazi. Akapitisha cheni mbele, juu ya kubwa. Akaipitisha nyuma. Akashika ncha, akavuta, akaongeza viwili, akaweka ukucha kwenye pini. Yule msemaji alikuwa kimya kama zamani. Mkono wa kulia ulishafika kwenye kitoa pini, kile kifaa chake cha kukatia.

"Leta macho," alisema.

Nikachuchumaa. Nilitazama ukucha wake, pini ilikuwa sawa. Nilitazama mbele, sawa. Nilitaka sana kusema "Nimeona". Ningeisema, angekata, angefurahi, nami ningeenda kuirekebisha Temeke kimyakimya. Ndipo nikatazama nyuma, nikaona.

"Usininyamazie, Mwalimu," alisema. "Nasikia unavyopumua."

"Fundi, cheni nyuma haijakaa kwenye kubwa. Imekaa kwenye ya pili."

"Hapana. Nimeigusa. Nimegusa meno, nikapanda mpaka juu."

"Hizi seti mpya zimebanana. Ulikaribia kufika. Kubwa bado iko nyuma ya cheni, upande wa spoku."

Nikauchukua mkono wake. Sikuwahi kumshika mkono isipokuwa kusalimiana. Niliongoza kidole chake cha shahada nyuma ya cheni, kati yake na spoku. Kidole kikagusa meno. Kikarudi, kikayagusa tena, jino moja baada ya jingine, kama anayasoma.

"Lahaula," alisema taratibu. "Tofauti yake na ya pili?"

"Meno manne."

"Nusu yake viwili. Ile pumzi yote." Alishusha mkono. "Basi ndivyo nilivyowafanya na wale wawili. Wiki nzima najiuliza nilikosea wapi. Nilidhani kichwa ndicho kinachokwenda, Mwalimu. Kumbe ni macho tu."

Alisema "macho tu" kama mtu aliyeletewa habari njema, na nadhani zilikuwa njema. Kilichomtesa si kosa, ni kosa asilolijua. Akaipandisha cheni kwenye kubwa yenyewe, safari hii kidole kikitangulia upande wa spoku, kikakuta nafasi tupu. Akavuta. Akaongeza viwili. Akaweka ukucha, na pini sasa ilikuwa nyingine.

"Leta macho."

"Nimeona, Fundi."

Akakata. Nilizungusha pedeli, nikapeleka cheni kubwa kwa kubwa, na mkono wa gia ukanyooka ukabakiwa na nafasi yake. Kisha ndogo kwa ndogo, na cheni haikulegea. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Alipotosheka alisimama, akaelekeza uso ng'ambo ya barabara, akapaza sauti.

"Mama! Waambie wale waje. Wote wawili. Nimejua nilipokosea, nitawafungia upya!"

"Na ile kelele yako ya mbuzi utaifunga lini?" ikajibu sauti kutoka kibandani, na haikuwa imara sana.

Alinifungia vipande vyangu kwenye gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamuuliza atafanyaje na wateja wengine ambao hawajui watazame wapi. Alifikiri, akajikuna kwa kifundo cha mkono.

"Nilikuwa nawaambia walete macho. Sasa wataleta na kidole."

Kwa hiyo nawe, hapo ulipo na baiskeli yako. Pitisha cheni mpya kwenye gia kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma, usiipitishe kwenye mkono wa gia, vuta ikaze, tafuta panapoungana, ongeza vipande viwili. Usikate bado. Pitisha kidole nyuma ya cheni, upande wa spoku. Ukigusa meno, hujafika kwenye kubwa: pandisha cheni, upime upya. Usipogusa meno, kata.